Nyumba Iliyofungwa na Theluji: Maisha ya John Greenleaf Whittier

Akina mama wa makanisa yetu wanaijua Mithali 31 karibu yote kwa kichwa. Tunaihubiri siku ya akina mama, tunaisoma kwenye arusi, tunaisoma hata kwenye mazishi. Lakini mstari wa 21 tunaupita haraka. Unasema kwamba mwanamke mwema haiogopi theluji kwa ajili ya watu wa nyumba yake, maana wote wamevikwa vizuri. Tunaupita kwa sababu theluji kwetu ni kitu cha mbali. Ndugu zetu wa Beni na Mutwanga wanaiona, asubuhi mawingu yakifunguka, weupe ule juu ya Ruwenzori. Hata hivyo kuiona juu ya mlima si sawa na kuamka asubuhi na kukuta imefika dirishani, mlango haufunguki, na njia ya kwenda kwa jirani haipo tena.

Leo nataka tumtazame mtu mmoja aliyefungiwa hivyo nyumbani kwao alipokuwa mtoto, na ambaye aliandika habari hizo alipokuwa mtu wa karibu miaka 58, wakati karibu wote waliokuwa naye ndani ya nyumba ile walikuwa wamekwisha kufa. Jina lake ni John Greenleaf Whittier. Marekani walimjua kama mshairi. Sisi tunapaswa kumjua kwanza kama mkristo aliyetumia miaka 30 na zaidi ya maisha yake kupigana, bila silaha, ili watu weusi wa nchi yake wasiuzwe tena kama ng'ombe.

Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1807, katika shamba karibu na mji wa Haverhill, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki ya Marekani. Nyumba ilijengwa na babu wa babu yake, Thomas Whittier, kama mwaka 1688. Ilikuwa nyumba ya mbao, na katikati jiko kubwa lenye meko ya ukutani, mapana kiasi cha kupokea gogo zima. Shamba lilikuwa na mawe mengi na faida kidogo. Baba yake, ambaye pia aliitwa John, alikuwa karibu miaka 50 mtoto huyu alipozaliwa, mtu wa maneno machache. Mama yake aliitwa Abigail. Walikuwa watoto wanne: Mary, John Greenleaf, Matthew Franklin, na kitinda mimba Elizabeth. Pamoja nao waliishi baba mdogo Moses, ndugu wa baba ambaye hakuoa, na mama mdogo Mercy, ndugu wa mama ambaye hakuolewa. Wazungu wa leo wangeiona hiyo kuwa nyumba ya watu wengi. Kwetu ni nyumba ya kawaida.

Walikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale ambao watu huwaita Quaker. Wapo pia kwetu, Uvira na Fizi, na ng'ambo ya mpaka Burundi na Rwanda. Lakini Marafiki wa leo wa huku, wenye wachungaji na kwaya, wangeshangaa kuingia katika ibada ya Whittier. Hapakuwa na mhubiri aliyewekwa, wala nyimbo. Watu walikaa kimya wakimngoja Roho wa Mungu, na aliyeguswa alisimama akasema, au hakuna aliyesema kabisa na wote wakarudi nyumbani. Kufika kwenye nyumba hiyo ya ibada, Amesbury, ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 10, kiangazi na majira ya baridi.

Sasa tuje kwenye dhoruba yenyewe. Mwaka wake hakuutaja. Ilikuwa siku moja ya mwezi wa 12. Jua lilichomoza bila nguvu, hafifu kuliko mwezi, na likatua kabla ya wakati wake. Upepo wa mashariki ulileta mngurumo wa bahari mpaka ndani ya nchi, na baridi ikapenya hata nguo nzito. Watu wa shamba walijua maana yake. Wakaingiza kuni, wakatandika zizi, wakawapa ng'ombe majani. Kabla ya giza kuingia vizuri, theluji ilikuwa inaanguka. Ikaanguka usiku kucha, na kesho yake mchana kutwa.

Ndugu msomaji, usidhani ni kama mvua yetu ya mawe inayopiga mabati kwa nusu saa na kuondoka. Theluji yenyewe huanguka bila sauti; unaousikia ni upepo tu. Na haiondoki. Inajikusanya juu ya ile iliyotangulia, upepo unaisukuma na kuirundika ukutani, na mtu aliyelala akiwa na ua, kisima, barabara na jirani huamka hana hata kimoja. Asubuhi ya pili watoto wa Whittier walitazama nje, hawakutambua chochote. Banda lilikuwa kilima. Uzio haukuonekana. Mti mrefu wa kisima ulisimama umepinda kama mnara unaotaka kuanguka. Hakuna mtu aliyepita, hakuna kengele ya kanisa iliyosikika, hata kijito kilichonung'unika karibu na nyumba siku zote kilikuwa kimenyamaza chini ya barafu.

Baba hakupoteza maneno. Aliwaambia vijana wachimbe njia. Maana ng'ombe, farasi, kondoo na kuku walikuwa upande wa pili wa ule ukuta mweupe, nao walikuwa na njaa. Vijana wakavaa, wakavuta kofia mpaka masikioni, wakachukua mabeleshi. Mahali pengine theluji ilikuwa nyingi kupita urefu wao, basi hawakuiondoa, walitoboa ndani yake. Wakapita chini ya dari jeupe linalong'aa, wakicheza kwamba wameingia katika pango la hazina. Walipofika mlango wa zizi, farasi alitoa kichwa akashangaa, jogoo akatoka na kuku wake, ng'ombe wakawatazama kama watu wenye deni, na kondoo dume mzee akapiga mguu chini.

Mimi nimesoma habari hizi mara nyingi, na kila mara nasimama hapo kwenye amri ile ya baba. Dunia yote imefunikwa, na neno la kwanza la mwenye nyumba ni kwamba mifugo haijala.

Jioni iliwakuta wote jikoni. Waliweka gogo kubwa nyuma ya meko, jingine mbele, vijiti katikati, wakatazama mpaka moto ulipopanda na kuta za zamani zikawa nyekundu. Mbwa alilala karibu na moto, paka pia. Matufaa yaliungua polepole yakitoa povu, na karanga za msituni zilikuwa kwenye kikapu. Nje upepo ulipiga mlango kama mtu anayetaka kuingia. Ndani walianza hadithi, na kila mmoja alikuwa na zake.

Baba alisimulia safari zake za ujana kaskazini, kuelekea Kanada, alivyokula na kulala katika vibanda vya wawindaji na vya wenyeji wa asili wa nchi ile. Mama, huku akisokota uzi, alisimulia utoto wake, na mashambulizi ya usiku ambayo watu wa kwao walikumbuka tangu vita vya zamani; kisha akageuka kwenye vitabu vya Marafiki na habari za waliomtegemea Mungu wakiwa na njaa baharini. Baba mdogo Moses hakujua vitabu, lakini alijua mawingu, samaki na nyayo za wanyama, na watoto walimwona kuwa mwenye elimu kuliko wote. Mama mdogo Mercy alikuwa na habari za ujana wake. Alikuwa mwanamke ambaye kila nyumba ilimkaribisha, ambaye uchungu wa kukosa nyumba yake mwenyewe haukumkausha moyo.

Palikuwa na wageni wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule, kijana maskini aliyelala kwa zamu katika nyumba za wazazi kama ilivyokuwa desturi, mcheshi, mpiga fidla, ambaye jina lake Whittier alilisahau kwa miaka mingi. Wa pili hakusahaulika. Ni Harriet Livermore, mwanamke mhubiri, binti wa familia kubwa, mwenye macho ya moto na hasira ya ghafla. Leo angewafundisha neno, kesho angewatupia maneno. Mwaka 1827 alihubiri hata mbele ya wabunge mjini Washington. Baadaye alisafiri mara kadhaa mpaka Yerusalemu kumngoja Bwana arudi. Mtu wa namna hii akiwa mgeni wako na theluji imefunga mlango, hakuna mahali pa kumkimbilia! Kila parokia ina mtu kama huyu, nami nampenda Whittier kwa sababu hakumchora kama mtakatifu wala kama mwenda wazimu. Alisema waziwazi kwamba walimwogopa kidogo, kisha akamwachia Mungu hukumu, maana Mungu peke yake anajua ni mizigo gani mtu amezaliwa nayo.

Katika masimulizi ya usiku ule kuna jambo moja dogo linalotuhusu sisi Waafrika. Watoto walikariri mashairi ya kitabu cha shule, na shairi moja lilihusu mfalme wa Gambia aliyefungwa minyororo na kuuzwa utumwani. Mtoto wa shamba, amefungiwa na theluji, anakariri kwa kusitasita mateso ya mtu mweusi ambaye hajawahi kumwona. Whittier mwenyewe alisema kwamba miaka mingi baadaye, nchi ilipokuwa mikononi mwa wenye watumwa, maneno yale yalirudi masikioni mwake kama wito.

Usiku walipanda kulala juu, ambako hapakuwa na moto. Mbao za ukuta ziliachana, na waliposinzia walihisi chembe za theluji zikipenya na kuwaangukia usoni. Kulipokucha waliendelea. Siku ilipofika, walisikia sauti za watu: majirani walikuwa wanakuja na maksai, jozi baada ya jozi, wakifungua barabara, wakisimama kila mlango kuongeza mikono na kunywa kidogo. Daktari alipita pia. Hakuja kuwatibu wao. Alikuja kumwomba mama Abigail aende kukesha na jirani mgonjwa. Naye akaenda. Mwishoni, karibu juma zima baada ya dhoruba kuanza, gazeti la mji likaletwa, na dunia ikaingia tena ndani ya nyumba na vita vyake, arusi zake, vifo vyake na bei za sokoni.

Mambo yaliyofuata katika maisha yake nitayataja kwa haraka zaidi.

Kazi ya shamba ilimvunja. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alijiumiza kwa kazi nzito, na afya yake haikurudi kamili. Mwalimu mmoja, Joshua Coffin, alimwazima kitabu cha mashairi ya Robert Burns, mkulima wa Scotland, na kijana akaona kwamba hata mambo ya shamba yanaweza kuimbwa. Akaanza kuandika. Dada yake Mary alituma shairi lake moja kwa gazeti bila kumwambia, na mwaka 1826 likachapishwa. Mhariri wa gazeti lile alikuwa kijana kama yeye, William Lloyd Garrison. Huyu alikuja mwenyewe mpaka shambani, akamkuta mshairi kazini bila viatu, akamwomba baba amsomeshe mwana. Baba aliuliza swali ambalo wazazi wetu wote huliuliza: ushairi utampa mkate? Hata hivyo kijana alisoma, vipindi viwili katika shule ya Haverhill, na karo aliilipa kwa kushona viatu.

Alikuwa na tumaini la kuingia bungeni mjini Washington. Mwaka 1833 alilizika tumaini hilo kwa mkono wake. Aliandika na kuchapisha kwa pesa zake mwenyewe kijitabu kilichodai watumwa wawekwe huru mara moja, si baada ya miaka 50, si polepole. Mwezi wa 12 wa mwaka huo alikuwa Philadelphia, mmoja wa walioanzisha Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa na kutia sahihi tangazo lake. Alipokuwa mzee, mwenye vitabu vingi na sifa nyingi, aliithamini sahihi ile kuliko jina lake kwenye jalada la kitabu chochote.

Gharama ilikuja upesi. Magazeti makubwa yalimfungia milango. Mwaka 1835, mjini Concord, New Hampshire, yeye na Mwingereza George Thompson walishambuliwa na kundi la watu kwa sababu ya mahubiri ya Thompson dhidi ya utumwa. Whittier alipigwa mawe na matope barabarani. Mwaka 1838 alikuwa mhariri wa gazeti la wapinga utumwa Philadelphia, na ofisi yake ilikuwa ndani ya Pennsylvania Hall, jumba jipya lililojengwa ili watu wa namna yake wapate pa kusemea. Jumba lilifunguliwa tarehe 14 mwezi wa 5. Tarehe 17 lilichomwa moto na kundi kubwa la watu huku wazima moto wakilinda nyumba za jirani tu. Inasimuliwa kwamba Whittier alivaa nywele za bandia na koti refu, akajichanganya na wachomaji wenyewe, na kuokoa baadhi ya karatasi zake. Mwanamume mpole wa Marafiki, anayetetemeka akitakiwa kusema mbele ya watu!

Na Garrison, aliyemfungulia mlango, wakaachana njia kwa muda. Garrison hakutaka siasa. Aliamini dhamiri tu ndiyo ya kuguswa. Whittier aliamini kura pia ni chombo cha haki, akasaidia kuanzisha chama cha siasa cha kupinga utumwa. Waligombana kama watumishi wanavyogombana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba Mungu yuko upande wake. Mimi naona Whittier ndiye aliyekuwa na haki katika jambo hili. Sheria iliyouza watu ilihitaji sheria ya kuifuta. Baadaye walipatana.

Kumbuka kwamba miaka hiyohiyo, wakati yeye anaandika huko, misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikiingia zaidi na zaidi katika nchi zetu za Tanganyika na Maniema, kuelekea Ujiji na pwani. Whittier hakuandika juu ya Kasongo. Lakini mnyororo ni uleule.

Baba mdogo Moses alikuwa wa kwanza kuondoka. Mwaka 1824 aliuawa na mti aliokuwa akiukata. Baba alifariki mwaka 1830. Mwaka 1836 shamba liliuzwa, na Whittier akahamia Amesbury karibu na nyumba ya ibada, pamoja na mama, mama mdogo Mercy na dada yake Elizabeth. Mercy alifariki mwaka 1846, mama mwaka 1857. Mary naye akaenda. Whittier hakuoa. Elizabeth alikuwa rafiki yake, msomaji wake wa kwanza, mshairi pia kwa kipawa chake mwenyewe, na mpinga utumwa kama yeye.

Kisha vita vikaja, 1861. Hapa palikuwa na jaribu zito kwa mtu wa Marafiki, kwa kuwa imani yao inakataa vita vyote. Ametamani watumwa wawe huru kwa miaka 30, na sasa uhuru unakuja kwa damu. Hakushika bunduki, wala hakuwahimiza vijana wa Kanisa lake waishike. Aliwaomba watunze majeruhi na walioachwa huru. Lakini pia hakujifanya kwamba haoni kinachotendeka. Mashairi yake ya miaka ile yamejaa mtu anayelia na kutumaini kwa pumzi moja.

Mwezi wa 9 mwaka 1864 Elizabeth alikufa. Miezi mitano baadaye, tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka 1865, bunge lilipitisha badiliko la katiba la kufuta utumwa. Habari zilipofika Amesbury, kengele za mji zilianza kulia. Whittier alikuwa ameketi katika ibada ya kimya ya Marafiki. Kimya kilikuwa ndani, kengele nje, na dada ambaye angeshika mkono wake hakuwepo. Shairi la shukrani kwa Mungu likaanza kujipanga moyoni mwake palepale.

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi huo angeandika kitabu juu ya ushindi. Hakufanya hivyo. Mwaka uleule wa 1865 aliketi Amesbury, akiwa na binti wa ndugu yake Franklin, aliyeitwa Elizabeth kama marehemu, aliyekuja kumtunzia nyumba. Kwa ajili yake, ili ajue walikuwa watu gani, akaanza kuandika juu ya theluji. Wa nyumba ile walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Franklin. Na anapofika kwenye moto wa jikoni, anakatiza hadithi kumwita ndugu yake: wewe na mimi tu tumebaki, nywele zetu zimekuwa nyeupe. Anauliza kama upendo unaweza kupoteza walio wake, na anajibu kwa imani kwamba hauwezi. Anamhurumia mtu ambaye katika makaburi haoni nyota. Anapofika kwa Elizabeth, kalamu inapunguza mwendo. Mwaka mmoja tu umepita. Anatazama nje, ni kiangazi, ndege wanaimba, maua aliyoyapenda yamechanua, naye hayupo, na uzuri wa nje unamchoma zaidi kuliko baridi yoyote.

Hata yule mwalimu mcheshi anapewa kazi mpya katika shairi: Whittier anawaona vijana wa namna yake wakienda kusini ya nchi, baada ya vita, kufundisha watu walioachwa huru na kusafisha mabaki ya utumwa. Vita havikuachwa nje ya mlango kabisa.

Niseme neno juu ya sisi. Wengi wetu huku mashariki tunajua kufungiwa ndani. Si theluji, ni risasi. Tumelala chini sakafuni na watoto, taa imezimwa, tukihesabu milio, na bibi mmoja gizani akaanza kusimulia habari za zamani ili watoto wasisikie. Wengine nyumba yenyewe hawana tena. Imechomwa, au iko upande ambao hatuwezi kurudi, na waliokuwa wamezunguka moto ule hatujui hata walikozikwa. Nimekutana na watu katika kambi wanaoogopa kutaja majina ya wafu wao, wakidhani kukumbuka ni kukosa imani. Whittier alikumbuka mmoja mmoja: nguo ya baba, uzi wa mama, ujinga na hekima ya baba mdogo. Hakuruka hata mmoja ili kuharakisha kufika mbinguni.

Kitabu kilitoka Boston mwezi wa 2 mwaka 1866. Taifa lilikuwa limezika vijana mamia ya maelfu, na karibu kila nyumba ilikuwa na kiti kitupu karibu na moto. Watu walikisoma kana kwamba ni habari za kwao. Whittier, aliyeishi kwa pesa kidogo tangu ajiunge na wapinga utumwa, alipata dola 10,000. Swali la baba shambani lilikuwa limepata jibu, miaka 40 baadaye.

Mwaka 1872 aliandika shairi jingine ambalo sehemu yake ya mwisho iligeuzwa kuwa wimbo, na mpaka leo makanisa ya Waingereza huuimba sana: sala kwa Baba wa wanadamu, akiomba kimya na amani. Yeye, mtu wa ibada isiyo na nyimbo, ameimbwa katika madhehebu karibu yote ya lugha ile. Tena, macho yake hayakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Labda ndiyo sababu alikuwa hodari sana katika nyeupe, na katika mwanga wa moto.

Franklin alikufa mwaka 1883. Tangu siku hiyo yeye alikuwa wa mwisho wa wale walioketi jikoni usiku ule. Aliishi miaka 9 zaidi, watoto wa shule wakisherehekea siku yake ya kuzaliwa, barua zikimjia nyingi kupita nguvu za kuzijibu. Alikufa tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 1892, huko Hampton Falls, New Hampshire, katika nyumba ya rafiki, akiwa na miaka 84. Ibada ya mazishi ilifanyika katika bustani ya nyumba yake Amesbury, kwa desturi ya Marafiki, kimya kikikatizwa na yeyote aliyekuwa na neno. Wakamzika katika sehemu ya Marafiki ya makaburi ya mji, karibu na mama yake na Elizabeth. Nyumba ya shamba bado iko Haverhill, na wageni huonyeshwa jiko na meko yake.